Moshi Ndani ya Chupa ya Maziwa

Maziwa yananukia moshi. Mpishi wa Pwani anayeyainjika kwa mara ya kwanza hudhani yameungua; hukimbilia sufuria na kukuta hayajapata hata uvuguvugu. Harufu ile haikuanzia jikoni kwake. Imetoka kwenye kibuyu cha mama mfugaji wa Kibarabaig au wa Kimasai, ikamiminwa pamoja na maziwa kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, ikafika Kibiti, mkoani Pwani, kandokando ya Barabara ya Kilwa.

Ni moshi huo uliomnasa mwandishi wa makala hii, kabla hajafikiria bei.

Kibuyu huoshwa kikaachwa kikauke. Kisha mama huchukua kijiti kilichoshika moto, akazima ndimi zake na kubakiza kaa jekundu, akakiingiza tumboni mwa kibuyu. Hukisugua huku na huku hadi ukuta wa ndani ushike weusi laini, akafunika mdomo ili moshi usitoroke. Makaa hukung'utwa, unga wa mkaa hufutwa, ndipo maziwa yanapoingia. Moshi hupunguza vijidudu, huchelewesha maziwa kuchacha, na huacha ladha ambayo mtoto wa mfugaji akiikosa husema maziwa hayajaiva. Wakalenjin wa Kenya wana mursik yao, maziwa ya kibuyu wanayowanywesha wanariadha wanaporudi na medali. Wamasai husifia oloirien, mzeituni wa porini. Lakini oloirien ni mti wa nyanda za juu, haupendi joto la bonde la Rufiji, alikohamia mama huyu. Aliweza kuhama na ng'ombe, mti hakuweza kuhama nao. Sasa anafukiza kwa mti gani?

Sokoni hakuna anayemuuliza hilo. Maswali ya mnunuzi ni mengine: "Mama, ya leo haya au yamelala?" "Ya leo." "Hayana maji?" "Onja." Mnunuzi humimina kidogo kiganjani, akaramba, akaanza kuomba apunguziwe.

Hesabu ya muuzaji haianzii hapo. Kwake hesabu huanza na ndama. Ng'ombe wa asili hutoa lita moja au mbili kwa siku, na kiangazi majani yakikauka hupungua zaidi. Ndama apate kwanza, maana ndama akifa ng'ombe wengi wa asili hukataa kukamuliwa. Watoto wa boma wafuate. Kinachobaki hukusanywa kutoka kwa ng'ombe kadhaa hadi kijaze chupa, na chupa zikijaa safari huanza. Tangu hapo dalali ni jua. Asubuhi anaweza kushikilia bei yake; likifika utosini maziwa yanakaribia kukatika, na mnunuzi mzoefu anajua. Asubiri kidogo tu, bei itashuka yenyewe. Yasiyouzika hurudi nyumbani kuwa mgando au samli.

Jambo analolisisitiza mama wa kifugaji kuliko bei yenyewe ni hili: fedha hii ni yake. Kwa Wamasai na Wabarabaig, ng'ombe anayepelekwa mnadani ni wa mume, na fedha yake huhesabiwa na mume. Maziwa ni ya mke. Yeye hukamua, yeye hugawa, yeye huuza, na shilingi ya chupa huwa unga, chumvi, daftari la mtoto na nauli ya zahanati bila kuomba ruhusa. Anayemkatia bei saa sita mchana hamkatii mwenye mifugo mia. Anamkatia yeye.

Umbali wa hatua chache kuna duka lenye friji, na ndani yake pakiti. Pakiti ni ghali kuliko chupa, na haikosi sababu: imelipia gari, umeme, mfuko, vipimo vya maabara na kodi. Wala si kweli kwamba haina mfugaji nyuma yake. Kiwanda cha Tanga Fresh, kwa mfano, hununua kwa wafugaji wadogo, na ushirika wao wa TDCU una hisa kiwandani. Mfugaji wa Tanga ana kituo cha kukusanyia na tangi la kupozea. Mama wa Kibiti ana kivuli cha mwembe.

Na usalama? Moshi haumalizi kazi. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, kwa hiyo ni lazima yachemke, na mkaa wa kuchemshia uingie kwenye hesabu ya mnunuzi kabla hajasema chupa ni rahisi. Wataalamu huyapinga pia madumu na chupa za plastiki, maana mikwaruzo huficha uchafu usiotoka kwa sabuni. Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 ilizaa Bodi ya Maziwa ya kusimamia haya yote. Kipima uzito cha maziwa kinaweza kumnasa aliyetia maji. Hakuna kipimo kinachomlipa aliyefukiza kibuyu vizuri.

Wamefikaje huku, watu wa ng'ombe, kwenye nchi ya mpunga, minazi, mikorosho na mikoko, ambako zamani mbung'o walizuia mifugo? Kwa ufupi: walisukumwa. Kuanzia mwaka 1970 mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, yalimeza malisho bora ya Wabarabaig kule Hanang. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji kwenye bonde la Ihefu, Mbarali, na wengi wakaelekezwa Pwani na Lindi. Huku Wabarabaig wanaitwa Wamang'ati, neno ambalo kwa Kimasai ni adui. Mtu mwenye heshima zake angewaita kwa jina lao.

Hapo ndipo swali la bei ya haki linapokwama. Kiswahili hakina neno moja la mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Kina mkulima na kina mfugaji, na Kibiti na Rufiji hao wawili wamekwisha kumwaga damu. Mei 2012 mji wa Ikwiriri, Rufiji, uliwaka kwa mapigano yao. Mnunuzi wa maziwa mara nyingi ni Mndengereko au Mrufiji aliyepanda mpunga bondeni, na pengine mpunga huo umeliwa na ng'ombe walewale waliojaza chupa. Akisema hanunui tena, nani atamlaumu?

Ila njia ya kundi huamuliwa na wanaume. Mama aliyeketi chini ya mwembe hakuulizwa ng'ombe wapitie shamba la nani. Fidia ikitozwa, hulipwa kwa dume la mnadani. Mkulima akisusa maziwa, adhabu inamwangukia mama huyu na daftari la mtoto wake, na mwenye fimbo hasikii chochote. Akiendelea kununua, chai yake inanukia moshi wa boma lililokula chakula chake.

Inapofika saa saba mchana, chupa tatu zimebaki. Mwanamke mwenye jembe begani anasimama, anasalimu, anaitikiwa. Anauliza kama ni ya leo.