Kwa nini kinga ya mwili hupungua uzeeni, na homoni zinahusikaje?

Bibi wa miaka sabini anaamka na maumivu ya kuungua upande mmoja wa mbavu. Siku chache baadaye vinatoka vipele vyenye maji, vimejipanga kama mkanda. Majirani wakiviona, huyu ananong'ona kuwa bibi ana UKIMWI, yule anasema amerogwa. Msikilizaji wetu mmoja wa Nyakunguru alituuliza: bibi anayeshinda nyumbani kwake ugonjwa huu anautoa wapi?

Huo ni mkanda wa jeshi, na haukutoka nje. Virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, virusi hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote. Kinachovizuia visiamke ni seli za kinga, na seli hizo zikidhoofika, vinaamka. VVU hudhoofisha seli hizo, ndiyo maana wahudumu wa afya humshauri mgonjwa wa mkanda wa jeshi apime. Lakini umri peke yake unatosha kuuleta, na huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50.

Shule ya askari kifuani

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Ni shule ya askari wa mwili wanaoitwa seli T. Seli hizi huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kisha huenda kwenye thaimasi kujifunza mambo mawili: kumtambua adui, na kutoushambulia mwili wenyewe. Nyingi hushindwa mtihani huo na kufa humohumo.

Shule hii ina kazi kubwa utotoni. Mtoto akibalehe huanza kusinyaa kwa kasi, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Mtu akizeeka, askari wapya wanaohitimu ni wachache sana. Mwili unategemea askari wa zamani, wanaowakumbuka maadui wa zamani lakini wanakuwa wazito mbele ya adui mgeni. Ndiyo sababu chanjo nyingi hazimpi mzee kinga kubwa kama ile anayopata kijana.

Maksai wanatufundisha nini

Sisi wa Tarime na Serengeti tunawajua maksai wanaovuta plau. Mwaka 1904 mtafiti wa Uingereza aitwaye Henderson alichunguza ng'ombe waliohasiwa. Aliona kuwa thaimasi zao zilibaki kubwa kwa muda mrefu kuliko za madume ambao hawakuhasiwa. Dume akiondolewa korodani, homoni ya kiume iitwayo testosteroni hupungua sana, na tezi huchelewa kusinyaa.

Tangu hapo watafiti wengi wameona jambo hilohilo kwa panya na wanyama wengine. Homoni za uzazi ni moja ya sababu zinazoipunguza shule ya askari. Si sababu pekee, kwa maana hata maksai mwishowe huzeeka.

Mwanamume na mwanamke

Kwa ujumla testosteroni hupoza kinga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotangazwa Desemba 2013, uliona kuwa wanaume wenye testosteroni nyingi walitengeneza kinga kidogo zaidi baada ya kuchanjwa chanjo ya mafua.

Homoni ya kike, estrojeni, mara nyingi huichangamsha kinga. Faida yake ni kwamba mwanamke hupambana vizuri na maambukizi mengi. Hasara yake ni kwamba askari waliochangamka kupita kiasi wanaweza kuugeukia mwili wenyewe. Katika ugonjwa wa lupasi, unaoshambulia viungo, ngozi na figo, wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na sehemu ya nafuu hiyo hupotea.

Tazama kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022, kati ya kila watu 100 waliougua duniani, 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake na 12 watoto. Homoni zinaweza kuwa na mchango wake, lakini tusizisingizie kila kitu. Wanaume huvuta sigara zaidi, ndio wengi machimboni kwenye vumbi la mawe, na huchelewa kwenda zahanati.

Tufanye nini?

Kwanza, usinunue dawa ya homoni wala ya "nguvu za kiume" ukidhani itarudisha kinga. Homoni bila daktari zina madhara.

Pili, usisubiri homa kali kwa mzee. Kinga ikichoka, nimonia inaweza kuja bila joto kubwa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, akikataa chakula au akianza kuangukaanguka, mpelekeni kituo cha afya.

Tatu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure.

Nne, mkanda wa jeshi una dawa, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitokee. Vikitokea karibu na jicho, nenda siku hiyohiyo. Vipele vifunikwe, kwa sababu maji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua.

Kwa hiyo msikilizaji wetu, ukimwona bibi mwenye mkanda huo, usipoteze siku hizo tatu kutafuta mchawi. Apande bodaboda na mtu wa kumshika, afike zahanati mapema. Akishauriwa kupima VVU, apime bila aibu. Majibu yatakuwa yake na mhudumu wake, si ya kijiji.