Ndai Inanuka Oili Ikiungua? Badilisha Gasketi ya Tapeti Mwenyewe

Ukisimama kwa jam unanusa oili ikiungua, usikimbilie kusema injini imekufa. Kwa Probox, Fielder na Vitz za injini ya 1NZ, cheki kwanza gasketi ya tapeti kava. Joto huifanya raba iwe ngumu kama plastiki, oili inapenya. Ikidondokea eksosi ni moshi, na inaweza kushika moto. Ikijaa kwa mashimo ya plagi, gari inaanza kukohoa.

Hii kazi unaweza kujifanyia kwa parking.

Ngoja injini ipoe kabisa. Toa koili zote 4 na paipu ya kupumua, kisha fungua kava na spana namba 10. Ikikwama, igonge polepole na nyundo ya raba. Bisibisi itakwaruza pale gasketi inakaa, na itavuja tena.

Pangusa vizuri, uchafu usiingie ndani. Weka gasketi mpya na raba za mashimo ya plagi. Paka silikoni kidogo pale taimingi kava inakutana na hedi.

Sasa hapa ndio wasee huharibu: kukaza kama nati za tairi. Hizi zinataka kama Nm 10 tu. Anzia katikati ukienda nje, kidogo kidogo. Boliti ikikatikia kwa hedi, fundi atakula ile doh yote ulikuwa unaokoa.

Silikoni ikishakauka, cheki kiwango cha oili, washa, mulika na tochi. Kukiwa kukavu, umeiva buda.