Mashine ya Umeme na Ndevu za Kipilipili

Katika maongezi yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo kila mwanamume aliyebalehe hukutana nalo mbele ya kioo, nalo ni namna ya kunyoa ndevu kwa mashine ya umeme, bila maji wala sabuni, zikatike vizuri na ngozi isiumie. Huenda mtu akauliza, je, hayo nayo ni mambo ya kufundishwa? Sisi nasi tulidhani hivyo, hata tulipopata sababu ya kufikiri tena.

Katika chuo cha ualimu tunamofundisha, kijana mmoja wa Ileje alikuwa karibu kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Tunduma. Alikuwa kijana nadhifu sana, akinyoa kila asubuhi kwa wembe. Taya zake na shingo yake zikajaa vipele, vingine vikiwa na usaha. Rafiki zake wakamwambia ya kwamba mashine ya umeme haikati ngozi. Basi akachukua fedha alizowekewa na wazazi wake kwa nauli, akanunua mashine mjini Tunduma. Akaikandamiza usoni kwa nguvu kila siku, na vipele vikazidi. Asubuhi ya kuondoka hakuonekana. Tulimkuta bwenini amejifunika shuka hata kichwani, akatuambia ya kwamba hawezi kusimama mbele ya watoto, kwa kuwa watampa jina baya, nalo litamfuata mpaka mwisho wa kazi yake. Tulipotaka kumshauri tuliona ya kuwa sisi wenyewe hatujui la kusema, nasi ikatupasa kwenda kuuliza na kusoma.

Kiswahili chatupa maneno mawili yafaayo kwa jambo hili, yaani nywele za singa na nywele za kipilipili. Unywele wa singa hutoka katika ngozi umenyooka kama unyasi. Wa kipilipili hujipinda tangu chini ya ngozi, kwa sababu kishimo unamoota chenyewe kimepinda. Ukiukata juu kidogo ya ngozi, huendelea kukua na kujisokota hewani, wala hauna madhara. Bali ukiukata chini kabisa, ncha yake kali hujipinda na kuirudia ngozi, ikaichoma kama mwiba. Tena mtu akivuta ngozi kwa vidole, au akinyoa kinyume cha uelekeo wa ndevu, unywele huweza kukatwa chini ya usawa wa ngozi. Hapo hutoboa ukuta wa kishimo chake kabla haujatoka nje. Mwili haujui ya kuwa mwiba ule ni mali yake mwenyewe. Hupigana nao kama apiganavyo mtu na mgeni aliyevunja mlango, na mahali pale pakavimba, pakawasha, na pengine pakatunga usaha. Ndiyo maana vipele vya ndevu huwapata watu weusi mara nyingi kuliko Wazungu. Wala si alama ya uchafu, kama wengi wasemavyo. Yule kijana wetu alikuwa msafi kuliko wenzake wote bwenini, na kunyoa kwake kila siku ndiko kulikomponza.

Sasa tutazame mashine yenyewe. Mmarekani aitwaye Jacob Schick alianza kuuza mashine ya umeme ya kunyolea pakavu katika mwaka 1931. Katika mwaka 1939 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatoa yake yenye kichwa cha duara, iliyobuniwa na Alexandre Horowitz. Wanunuzi walio wengi wa siku zile walikuwa watu wa singa, na tangu hapo sifa kubwa ya mashine katika matangazo ya biashara ni kukata chini mno hata shavu likawa laini kama la mtoto. Kwa mtu wa singa hiyo ni sifa njema. Kwa mtu wa kipilipili yafaa aisikilize kwa tahadhari.

Aina ya kwanza ina wavu, yaani bamba jembamba lenye matundu madogo sana, na chini yake nyembe zinazokwenda na kurudi upesi. Udevu huingia katika tundu, wembe ukaukata. Wavu huo mara nyingi hutengenezwa kwa nikeli, madini ambayo watu wa Mbozi wanayo mlangoni pao bila kufikiri, maana kile Kimondo kilicholala katika kilima cha Marengi ni chuma kwa sehemu kama 90 katika 100, na sehemu 8 hata 9 ni nikeli. Unene wa wavu haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo msomaji na ashike jambo hili: wembe wa mashine haugusi ngozi, kwa kuwa wavu umekaa katikati, basi unywele hukatwa kwa kimo cha unene wa wavu. Lakini ukiikandamiza mashine, ngozi iliyo laini huvimba na kuingia ndani ya matundu, kama unga uliokandwa ukisukumwa juu ya chekeche. Ndipo wembe huikwaruza ngozi, na unywele hukatwa chini kuliko ilivyokusudiwa. Yule kijana alidhani ya kwamba kadiri atakavyosukuma ndivyo atakavyonyoa vizuri. Kumbe alikuwa akijilimia shamba la vipele. Mashine ishikwe kwa wepesi, kama mtu ashikavyo yai.

Aina ya pili ni ile ya vichwa vya duara, ambayo hupelekwa kwa kuzungusha usoni, hali ile ya wavu huenda na kurudi katika mstari. Mtu akibadili wembe kwa mashine ya aina yo yote kati ya hizo, asikate tamaa siku za kwanza. Ngozi huhitaji wiki mbili au tatu kuizoea. Wapo pia watu ambao ngozi yao haipatani na nikeli. Hao huwashwa hata na bizimu ya mshipi au saa ya mkononi, na kwa wavu wa nikeli watawashwa vile vile.

Aina ya tatu ni ile wanayotumia vinyozi, yenye vitana viwili vya chuma, kimoja kimesimama na kimoja kinatembea. Hii huacha kisiki cha nusu milimita hata milimita moja. Wenye kutafuta ulaini wa shavu huidharau, lakini kwa mtu ambaye vipele vimekwisha kumshika ndiyo iliyo bora kupita zote, kwa sababu udevu wenye kisiki hauwezi kujipinda upesi na kurudi ndani. Ndevu hukua kama theluthi moja ya milimita kwa siku. Basi yule anayeacha kisiki cha milimita moja aonekana kama mtu aliyenyoa siku tatu zilizopita. Na tuulize, je, watoto darasani watapungukiwa na nini kwa hilo?

Sasa twaja kwenye kukausha uso, ambako watu wengi hukosea. Wembe wapenda maji, kwa kuwa maji huvimbisha udevu na kuulainisha, ukakatika kwa urahisi. Mashine ya kunyolea pakavu yataka kinyume chake. Udevu uliolainika hulala juu ya ngozi, hauingii katika tundu, na mwenye mashine hupita mara tano pale pale mpaka ngozi ikawaka moto. Basi nyoa kabla ya kuoga. Au kama umekwisha oga, ngoja kama robo saa uso ukauke kabisa. Mtu wa Kamsamba, kule chini bondeni penye joto, atatokwa na jasho hata kabla hajaanza. Huyo apake poda kidogo, ikaushe ngozi na kuifanya iteleze. Watu wa Vwawa na Mbozi juu wana shida nyingine. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ngozi husisimka kwa baridi, vinyweleo vikainuka kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mashine ikipita hukwangua vile vilima vidogo. Afadhali kuupasha uso joto kwanza kwa kitambaa kikavu kilichowekwa karibu na moto, ama kungoja jua lipande.

Tena mashine ya wavu haiwezi ndevu ndefu. Zikipita siku mbili tatu, huzing'oa badala ya kuzikata. Mtu anyoaye Jumapili kwa Jumapili na azipunguze kwanza kwa mashine ya kinyozi au mkasi.

Mashine ikianza kuvuta ndevu, watu hulaumu ndevu. Mara nyingi kosa ni la mashine. Pengine betri yake imelegea, na nyembe zinakwenda polepole kama ng'ombe aliyechoka na plau. Pengine imejaa vumbi la nywele. Basi ondoa wavu, pukuta nyembe kwa burashi, wala usiuguse wavu kwa burashi, maana hutoboka upesi, na wavu uliotoboka hukata shavu. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha kuipa wepesi. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwa sababu hugeuka kuwa gundi. Nazo nyembe na wavu huchakaa kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, hata kama kwa macho zaonekana nzima.

Mashine nyingi za vinyozi zenye waya hazina mota ya kuzunguka, bali zina sumaku. Umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na kila pigo sumaku huvuta mara mbili, basi kitana hutembea mara 100 kwa sekunde, na ndio ule mvumo tuusikiao. Nguvu ya umeme ikipungua jioni, kitana hutembea hatua fupi, kikashika udevu bila kuumaliza. Ubavuni mwa mashine hizo mara nyingi pana skrubu ndogo. Izungushe polepole mpaka mashine ipige kelele ya kugonga, kisha irudishe kidogo mpaka kelele ikome na ubaki mvumo tu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Anunuaye mashine ya mtumba asome kibandiko chake kwanza: ikiandikwa volti 110 au 120 peke yake, ni ya Marekani, na kwa umeme wetu wa volti 230 itaungua. Atazame pia vitana. Ncha za kile kinachotembea lazima zikae nyuma kidogo ya ncha za kile kilichosimama. Wapo vinyozi wanaovisogeza vilingane kabisa ili kukata chini zaidi, nao huchora shingo za watu damu.

Na hapo twafika kwenye kiti cha kinyozi. Katika Tunduma madereva wa malori wangojao kuvuka kwenda Nakonde, wafanya biashara na wanafunzi hukaa katika kiti kimoja, na mashine moja hupita katika nyuso zao wote. Mapunye husafiri hivyo, na yaliyo makubwa kuliko mapunye pia. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi katika tone kavu la damu kwa siku 7 na zaidi, tone lisiloonekana kwa macho. Kupuliza spiriti juu ya vitana vilivyojaa nywele ni kujidanganya. Nywele zipukutwe kwanza, kisha vitana vipanguswe kwa spiriti yenye nguvu ya sehemu 70 katika 100, nayo iachwe mpaka ikauke yenyewe. Wala mashine isiwashwe ikiwa mbichi kwa spiriti, maana cheche moja yaweza kuwasha moto. Mwenye uwezo na awe na mashine yake, amchukulie kinyozi mkononi. Wala si utovu wa adabu kumwambia, "Kaka, nisaidie kuisafisha kwanza." Kinyozi mwema hakasiriki.

Kisogoni pia, panaponyolewa chini sana kila wiki, huota vipele vigumu ambavyo kwa watu wengine hugeuka kuwa makovu ya kuvimba yasiyorudi nyuma. Dalili hizo zikianza, acheni kunyoa mahali pale, mkaende hospitali mapema. Daktari wa ngozi aweza mengi wakati vipele ni vidogo, bali makovu yakikomaa ni kazi ngumu hata kwa mabingwa wa KCMC kule Moshi.

Yule kijana tulimshauri aache kunyoa kabisa kwa wiki nne, asivibinye vipele, wala asichimbue nywele kwa sindano. Tulimwandikia mwalimu mkuu barua kumweleza kwa nini mwanachuo wetu anafika na ndevu. Wiki ya tano akaanza kupunguza ndevu zake kwa mashine ya vitana, mara mbili kwa wiki, akifuata uelekeo wa ndevu, bila kuvuta ngozi. Ile mashine ya wavu alimwuzia mwenzake mwenye ndevu chache za singa, akarudisha nusu ya nauli. Tulipokwenda kumtazama akifundisha hesabu ya mafungu, shingo ilikuwa na madoa meusi tu, nayo yalikuwa yakififia. Watoto walimpa jina hata hivyo. Walimwita Mwalimu Chaki, kwa sababu ya poda aliyokuwa akiisahau chini ya kidevu.