Pampu Haiwaki Baada ya Mvua? Usikimbilie Kuiuza



Mvua zimekatika, na hapa Nakivale kila mwenye bustani karibu na ziwa anatafuta maji ya kumwagilia. Kikundi chetu kilitoa pampu ya petroli iliyolala stoo msimu mzima. Tukavuta kamba mpaka mikono ikauma. Kimya! Nyanya zilishaanza kutoa maua na jua lilikuwa kali. Mmoja wetu akasema, "Imekufa hii, tuiuze vyuma chakavu." Mama mweka hazina akakataa: "Pesa hii tulichanga miaka miwili. Hakuna kuuza kabla hatujajua ugonjwa wake."

Alisema kweli. Ugonjwa ulikuwa mdogo. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio:

1. Anza na yaliyo rahisi. Swichi iko wazi? Koki ya mafuta imefunguliwa? Choki imefungwa, maana injini ni baridi? Pima oili pia. Injini nyingi za namna hii hukataa kuwaka oili ikipungua.

2. Mwaga petroli ya zamani. Petroli (esansi, kama tunavyosema kwetu Kongo) ikikaa miezi huharibika na kuacha utandu unaonata. Tia mpya, safi.

3. Fungua plagi, yaani buji. Vuta kamba kwanza mara chache, kisha uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi au cheche haipo: ikaushe, isugue masizi, uache shimo lake wazi kidogo likauke. Nafasi ya cheche kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.7 hadi 0.8.

4. Tazama chujio cha hewa. Panya na nyigu hupenda kujenga humo.

5. Safisha kabureta. Funga koki, fungua kikombe cha chini, toa uchafu. Tundu dogo la katikati lizibue kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie sindano, italipanua tundu.

Plagi yetu ilikuwa kavu, na tundu hilo ndilo lililokuwa limeziba. Baada ya kulizibua, pampu iliwaka mvuto wa tatu. Kabla ya kuwasha, kumbuka kujaza maji kwenye pampu yenyewe. Ikizunguka kavu, sili yake huungua.

Wazazi, sikilizeni hapa. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na kibatari. Msiwashe injini ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha: moshi wake unaua bila hata kunuka sana. Na petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto haoni petroli, anaona soda.

Msimu ukiisha, funga koki uache injini iendelee mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki tupu. Mwaga petroli iliyobaki kwenye tangi ndani ya dumu lenye mfuniko. Tia kijiko kidogo cha oili kwenye shimo la plagi, vuta kamba polepole mara mbili, rudisha plagi. Funika mashine, iinue kutoka chini.

Kikundi chetu sasa kimeandika hatua hizi kwenye daftari la mweka hazina. Nanyi ziandikeni, kabla mvua hazijarudi.