Kabla hujaukata waya wa simu ya dukani

KWA miaka mingi, nambari ya simu ya mezani iliyochorwa juu ya mlango wa duka ilikuwa ithibati kwamba mwenye duka si mpita njia. Telkom Kenya ilishikilia ukiritimba wa huduma hiyo hadi 2004, huku wizi wa nyaya za shaba ukiwaacha wateja wengi na simu zisizolia. Mikongo ya Seacom na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka wa 2009, wafanyabiashara wadogo nao walipata mwanya wa kupiga simu kupitia intaneti.

Huduma hii huikatakata sauti kuwa vipande vidogo, aghalabu 50 kwa sekunde, ambavyo husafirishwa na kuunganishwa upya upande wa pili. Mazungumzo mamoja huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Duka la vipuri lenye wahudumu watatu wanaozungumza kwa wakati mmoja litahitaji kilobiti 300 tu. Basi mara nyingi kinachoharibu mazungumzo si uchache wa kasi bali msongamano: karani akituma picha kubwa, vipande vya sauti huchelewa na maneno hukatika. Ni sharti fundi aipange ruta itangulize sauti mbele ya shughuli nyingine, jambo ambalo wauzaji wa huduma hupenda kulipitia juu juu.

Faida zipo. Tawi la Nakuru huweza kuzungumza na la Nairobi bila gharama ya kila dakika, na nambari ya duka ikalia katika simu ya mkononi ya mwenyewe akiwa safarini.

Hata hivyo, kuna suala la stima. Simu ya waya wa shaba ilipata umeme kutoka kwa kituo cha simu, ikalia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Ya intaneti hunyamaza pindi ruta inapozimika. Asiye na betri ya akiba asithubutu kuhama. Uingereza, ambako simu za waya za kale zimepangwa kuzimwa Januari 2027, tatizo hilo limezua wasiwasi mkubwa kwa wazee wanaotegemea vifaa vya kuitia msaada. Faksi na ving'ora vya wezi pia huenda visifanye kazi.

Kuna na walaghai. Wakilipata neno la siri, hupiga simu za ng'ambo usiku kucha, na bili humfikia mwenye duka. Mwambie mtoa huduma afunge simu za nje ya nchi na aweke kikomo cha matumizi.

Mwisho ni ile nambari ya mlangoni. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi, iwapo itahamishika. Usiifute laini ya zamani kabla ya jibu hilo, kwani nambari iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine, hata mshindani wako. Ziendeshe zote mbili kwa mwezi mmoja, ingawa utalipa ada mara mbili.