Fahamu: Maua yaliyo chini ya nyaya za umeme

Chini ya nyaya za umeme mkubwa nchini Marekani bado kuna maua ya asili ambayo kwingineko yamemezwa na mashamba, miji na misitu iliyofunga. Miti hukatwa mara kwa mara kwenye mikuza hiyo, yaani njia zinamopita nyaya, hivyo jua hufika ardhini.

Ni lazima ikatwe. Agosti 14, 2003, nyaya zilizogusa miti jimboni Ohio zilichangia kukatika kwa umeme kulikowaathiri watu wapatao milioni 50, Marekani na Kanada.

Tatizo ni namna ya kuizuia miti hiyo. Dawa ya magugu ikinyunyiziwa mkuza mzima, kwa gari au helikopta, huua mche wa mti pamoja na ua lililo kando yake. Mmoja wa wanaoumia ni kipepeo mdogo wa buluu aitwaye Karner. Viwavi wake hula majani ya lupini ya porini, basi. Lupini ikiondoka, naye hana maisha. Mwaka 1992 aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na tangu 1999 mpango wa kumlinda jimboni Wisconsin umezihusisha kampuni za umeme.

Je, dawa ipigwe marufuku? Huko Pennsylvania, wawindaji walipolalamika kuhusu dawa hiyo, majaribio yalianza 1953 na yameendelea kwa miongo mingi. Yameonyesha kwamba dawa ikielekezwa kwenye mti usiotakiwa pekee, nyasi, maua na vichaka vifupi husitawi na kuibana miche mipya. Kazi hiyo inahitaji mfanyakazi anayeitambua mimea, na mafunzo yake yanastahili kulipiwa.