Mchezo Ambao Mtoto ni Mwamuzi wa Nafsi Yake



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mchezo wa gofu, na hasa juu ya mtoto anayetaka kujiunga na mafunzo yake. Twajua ya kuwa baadhi yenu mtashangaa. Mtasema, "Huo ni mchezo wa mabwana wakubwa wa mjini, sisi watu wa mashamba una faida gani kwetu?" Neno hilo lina asili yake. Gofu ilichezwa Entebbe tangu mwaka 1901, na klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Walakini kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni Mwafrika aliyeonekana uwanjani alikuwa ni mkata majani, au mchukuzi wa mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Siku hizo zimepita. Leo katika Kenya kuna chama kiitwacho Junior Golf Foundation, ambacho kazi yake ni kuwafundisha watoto mchezo huu; na katika Marekani mpango uitwao First Tee ulianzishwa mwaka 1997 ili kuwafikia watoto ambao zamani mlango wa gofu haukuwa wazi kwao. Basi mwana akimwuliza mzazi wake habari za gofu, yafaa mzazi awe na jawabu.

Tena iko sababu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika mpira wa miguu yuko mwamuzi na filimbi yake. Katika gofu, mara nyingi, hayupo. Mchezaji mwenyewe huhesabu mapigo yake, na akivunja sheria hujitoza adhabu mwenyewe, hata kama yuko peke yake nyuma ya kichaka. Sisi walimu twajua uzito wa jambo hili. Mpe mtoto daftari yake ya hesabu pamoja na majibu, umwambie ajisahihishie, kisha utoke chumbani. Utakaporudi utakuwa umejua habari nyingi zaidi ya hesabu zake.

MCHEZO WENYEWE

Gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo. Mpira una uzito usiozidi gramu 46 hivi, na shimo lina upana wa milimita 108, yaani kadiri ya mdomo wa kikombe kikubwa. Uwanja kamili una mashimo 18, na mwenye kuyazunguka yote huenda mwendo wa kilomita tano, sita, au zaidi. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Asili ya mchezo huu, kama unavyochezwa sasa, ni nchi ya Uskoti. Watu wa huko waliupenda hata mwaka 1457 Baraza la nchi likaupiga marufuku, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza kupiga mishale ya vita. Marufuku haikuua mchezo. Mwaka 1744 wachezaji wa mji wa Leith, karibu na Edinburgh, waliandika sheria 13 kwa ajili ya mashindano yao, nazo ndizo sheria za kale za gofu zilizohifadhiwa. Siku hizi sheria hutungwa na mabaraza mawili, moja la Uskoti na moja la Marekani, yakipatana ili mtoto wa Mombasa na mtoto wa London wacheze kwa sheria moja.

KUJIUNGA

Mzazi afuatane na mtoto mpaka ofisi ya klabu, aulize kama kuna siku ya mafunzo ya watoto. Yafaa aulize mambo manne bila haya: ada ni kiasi gani, kama fimbo huazimwa, mwalimu ni nani, na ni nani anayewaangalia watoto tangu wafikapo hata waondokapo. Klabu njema haikasiriki kwa maswali hayo.

Asikimbilie kununua vitu. Sheria humruhusu mchezaji kuchukua fimbo 14, wala si zaidi, lakini mtoto anayeanza hazihitaji zote. Nne au tano zamtosha. Kilicho bora ni kwamba fimbo zilingane na kimo chake. Wako wazazi wanaokata fimbo ya mtu mzima na kumpa mtoto. Fimbo hiyo huwa fupi, lakini uzito wake hubaki wa mtu mzima, na mtoto hujifunza kuyumba badala ya kupiga. Zaidi ya hayo atahitaji shati lenye kola, kofia ya jua, viatu visivyoteleza, na chupa ya maji.

Mwalimu mwenye busara hamwanzishi mtoto kwa kupiga mbali. Humweka karibu na shimo, kwenye majani mafupi kabisa, amfundishe kuusukuma mpira taratibu. Kisha humrudisha nyuma hatua kwa hatua, mpaka afike mahali pa kuanzia. Mtoto hupenda kupiga mpira upae kama ndege, naye huona uchovu katika somo la kusukuma. Lakini pigo la mita mia mbili ni pigo moja, na sukumo la shubiri moja ni pigo moja vilevile. Asiyejali dogo hushindwa na dogo.

SHERIA

Shina la sheria zote ni maneno haya mawili: ucheze uwanja kama ulivyoukuta, na ucheze mpira kama ulivyolala. Ukiwa umelala katika majani marefu, huna ruhusa ya kuusogeza kwa mguu ili uwe mahali pazuri. Ukiingia katika shimo la mchanga, usiuguse mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira, wala kwa pigo la kujaribu. Ukiugusa, adhabu yako ni mapigo mawili.

Mpira ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta. Kabla ya mwaka 2019 zilikuwa tano, zikapunguzwa ili wenzako wasingoje. Dakika zikiisha, hurudi pale ulipopiga mara ya mwisho, ukaongeza pigo moja la adhabu na kupiga tena. Twajua ya kuwa hili huuma. Mtoto hutamani kutoa mpira mwingine mfukoni, kuuangusha majanini kwa siri, na kusema, "Nimeuona!" Hakuna atakayemkamata. Ndiyo maana twasema ni mtihani.

Liko jambo jingine ambalo huwatatiza watoto sana. Mchezaji akitupa fimbo kwa nia ya kuupiga mpira, naye akaukosa kabisa, pigo hilo huhesabiwa. Lakini akiitupa fimbo kwa kujaribu tu, bila nia ya kuupiga, halihesabiwi. Sasa mtoto ameutupia mpira fimbo na kuupiga upepo. Wenzake wamtazama. Akisema, "Nilikuwa najaribu tu," nani atambishia? Nia haionekani kwa macho. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Hapo mtoto wa miaka tisa husimama mbele ya hakimu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

ADABU

Adabu ya kwanza ni usalama. Mpira wa gofu ni mgumu, nao huenda kwa kasi ya kutisha. Kabla ya kupiga, mtoto atazame mbele, nyuma na kando. Asisimame karibu na mwenzake anayetupa fimbo. Mpira ukielekea watu, apaze sauti mara moja, "Foo!", ambayo ndiyo kelele ya hatari katika viwanja vyote vya gofu, naye anayeisikia ajikunyate na kufunika kichwa kwa mikono. Asiinue macho kutafuta mpira unakotoka. Na ninyi watoto mnaokaa karibu na viwanja, tafadhali msiingie kuokota mipira wakati watu wanacheza.

Adabu ya pili ni kumheshimu mchezaji mwenzako. Anapotaka kupiga, nyamaza na usimame kimya, wala kivuli chako kisianguke juu ya mpira wake. Penye majani mafupi ya kuzunguka shimo, usikanyage njia ambayo mpira wake utapita. Uwe tayari zamu yako ifikapo. Sheria zashauri pigo lisichukue zaidi ya sekunde 40. Mkiwa wazito, na nyuma yenu wako wenye mwendo mwepesi, wapisheni.

Adabu ya tatu ni kuuheshimu uwanja. Ukichimbua majani kwa fimbo, rudisha bonge lake mahali pake na ulikanyage, au ujaze mchanga, kama desturi ya uwanja ule ilivyo. Ukitoka katika shimo la mchanga, sawazisha nyayo zako kwa reki. Mpira ukiacha kishimo karibu na bendera, kiinue na kukilainisha. Ajaye nyuma yako hakujui, wala hatakushukuru; hata hivyo wewe mfanyie. Anayechota kisimani na kukiacha safi kwa ajili ya mwingine ameshaielewa adabu hii kabla hajashika fimbo.

Mwisho, mchezo ukiisha, vua kofia, mpe kila mwenzako mkono, na umshukuru. Aliyeshindwa asitupe fimbo, naye aliyeshinda asitambe.

MIFANO MIWILI

Huenda mtu akauliza, "Je, wachezaji wakubwa nao hushika mambo haya, au ni mafundisho ya watoto tu?" Twatoa mifano miwili.

Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani yaliyofanyika Worcester, alicheza kijana wa miaka 23, jina lake Bobby Jones. Siku ya kwanza mpira wake ulikuwa katika majani marefu. Alipoukaribia kwa fimbo, ulisogea kidogo. Hakuna mwingine aliyeuona. Jones akasema umesogea, akajiongezea pigo moja. Mashindano yalipokwisha alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane, Mskoti. Wakarudia mchezo, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Hesabuni wenyewe: kama asingalisema, angalishinda bila marudio. Watu walipomsifu alikataa sifa zao, kwa kuwa kwake yeye kutokuiba si jambo la kusifiwa.

Mfano wa pili ni wa Roberto De Vicenzo wa Ajentina. Katika gofu ya mashindano, mwenzako ndiye anayeandika hesabu yako katika kadi. Nawe huikagua na kutia sahihi. Mwaka 1968, mjini Augusta, katika siku yake ya kuzaliwa alipotimiza miaka 45, De Vicenzo alicheza vizuri mno. Katika shimo la 17 alipiga mapigo matatu, lakini mwandishi wake akakosea, akaandika manne. De Vicenzo hakuliona kosa, akatia sahihi. Sheria husema ya kuwa hesabu iliyotiwa sahihi, ikiwa kubwa kuliko ya kweli, itabaki vivyo hivyo. Na ikiwa ndogo, mchezaji hutolewa. Basi, badala ya kuwa sawa na Bob Goalby na kupata nafasi ya kurudia, alishindwa kwa pigo moja. Hakumlaumu mwandishi wake. Alijilaumu mwenyewe kwa kutokagua.

Wanafunzi, tazameni jinsi mifano hii inavyotofautiana. Wa kwanza watufundisha kusema kweli. Wa pili watufundisha kwamba kuwa mkweli hakutoshi kama mtu si mwangalifu. De Vicenzo hakudanganya hata kidogo, naye alipoteza. Mara ngapi tumemwona mtoto aliyejua majibu yote, akaitoa karatasi yake bila kuisoma mara ya pili?

NENO LA MWISHO

Hatuwaambii kwamba kila mtoto acheze gofu. Viwanja ni vichache, vingi viko mijini, na gharama zake si ndogo. Tena mzazi asikubali mtoto wake aache masomo kwa ajili ya kuchukua mifuko ya watu, eti ndiyo njia ya kujifunza. Mchezo ungoje saa za shule ziishe.

Lakini ikiwa nafasi ipo karibu nanyi, msiikatae kwa sababu ya zamani tu. Mpelekeni mtoto, naye msimwulize kwanza, "Umeshinda?" Mwulizeni, "Umepiga mangapi?" Kisha msikilize anavyojibu. Akisema, "Nimepiga mia na ishirini na tatu, na mawili kati yake niliyapiga hewani," mshukuruni Mungu, na siku ya mafunzo ikifika mpeni nauli arudi tena uwanjani.